Tuliyemwambia Mama Yake Amesafiri

Ninyi mnaoanza kushika chaki mwaka huu, mkipita hapa kwangu Kikula mnaniuliza swali lile lile: "Madame Odile, watoto wa siku hizi wanafundishwaje?" Watoto si shida. Mpe mtoto hadithi nzuri, atakufuata kwa miguu mpaka Kambove. Kazi yenyewe ni wazazi wake. Na ndani ya kazi hiyo, kazi kubwa zaidi ni yale maneno mazito ambayo mzazi anatamani mwalimu ayaseme, na mwalimu naye anatamani mzazi awe ameshayasema nyumbani.

Nianze na kosa la kuchekesha, maana makosa mengine hayachekeshi.

Nilipoanza kazi nilikuwa na mtoto mmoja, Chantal, aliyekuwa mgumu wa kusoma. Siku moja akafumbuka. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, nami nikafurahi kama vile nimejifungua. Nikamwambia, "Kesho uje na mama." Basi. Sikusema kwa nini. Kesho yake mama akafika mapema kabla ya kengele, fimbo mkononi, mtoto nyuma yake macho mekundu.

"Madame, nimeisha kumupiga," akasema. "Sasa uniambie alifanya nini."

"Mama, nilitaka kukuambia anasoma vizuri."

Aliiangalia fimbo, akamwangalia Chantal, akaitupa fimbo uani kwa jirani. Kisha akamnunulia mwanawe mikate ya mafuta pale mlangoni, wakala wote wawili wamesimama. Tangu siku hiyo sijamtuma mtoto amwite mzazi wake bila kumpa sababu ya kubeba mdomoni.

Aliyenifundisha mengi ni Maître Numbi, aliyekuwa na darasa la sita. Darasa la sita ndipo somo la mwili lilipokuwa linaanguka: kukua, damu ya wasichana, mimba inavyoingia. Sisi wengine tulikuwa tunalipitia mbio kama mtu anayevuka daraja bovu. Yeye aliita kila kitu kwa jina lake. Mwaka mmoja msichana wa familia ya kanisa la uamsho akayabeba majina hayo mpaka nyumbani, na usiku wa maombi, zamu yake ilipofika, akamshukuru Mungu kwa tumbo la uzazi na kwa vyote vinavyompeleka mtoto nje, akivitaja kimoja kimoja. Baba akafika shuleni asubuhi amevaa koti la Jumapili. Hilo koti ni dalili. Mzazi akija na koti la Jumapili siku ya kazi, amekuja vitani.

Maître Numbi hakujitetea. Alimpeleka ndani ya darasa, akamkalisha kwenye benchi la mwanawe, magoti yakamfika kidevuni, akamfundisha somo lile lile tangu mwanzo. Mwishoni yule baba akainua kidole kama mwanafunzi. "Maître, hapo umesema ule mwezi wa tatu… bibi yangu anatapika sana. Ni vile?" Aliondoka amelibeba koti begani.

Kuanzia mwaka uliofuata Maître Numbi akawa anawafundisha wazazi kwanza, Jumamosi moja kabla ya watoto. Walikuja wachache, baadaye wengi. Alipostaafu, desturi ile ikafa. Nasikia sasa mna kundi la wazazi kwenye WhatsApp. Ni jambo zuri kwa kutangaza tarehe za mitihani, ijapokuwa binti yangu alinionyesha moja ambamo chini ya tangazo la mtihani kulikuwa na maombi ya sauti, tangazo la mkaa, na mtu anauliza nani kamwona mbuzi wake. Lakini kuna maneno hayaingii kwenye simu. Ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo.

Nilikuwa na darasa la nne. Mle kulikuwa na msichana anaitwa Merveille. Mwembamba, mwenye pengo mbele, anauliza maswali mpaka unasahau ulikuwa unafundisha nini. Mama yake aliuza samaki wa kukauka wanaotoka ziwa la Tshangalele, nilikuwa mteja wake sokoni, na kila mara aliniongezea samaki mmoja "wa Madame." Baba, Papa Kasongo, alichimba madini kwa mkono huko Kambove, akirudi nyumbani Jumamosi na vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio. Walikuwa watu wa sala, watu wa amani. Mama alikuwa mjamzito.

Wakati wa mvua Merveille akakosa shule wiki nzima. Siku chache nyuma nilikuwa nimekwisha kusikia kilio mtaani na nikaenda kuketi na wanawake wengine. Mama yake alikuwa amefia maternité akijifungua, yeye pamoja na mtoto. Pale kwenye kilio nilimtafuta Merveille kwa macho, sikumwona. Nikadhani yuko ndani.

Jumatatu, nikiwa ubaoni na hesabu za kugawanya, Papa Kasongo akasimama mlangoni na dada yake, Tantine Esther. Bado alikuwa na viatu vya shimoni. Nikatoka nje, nikavuta mlango.

"Madame, mutoto anarudi kesho," akasema. "Lakini hajue."

"Hajui nini, Papa?"

Tantine ndiye aliyejibu. "Siku ya kuzika alikuwa kwangu kule Panda. Tulimwambia mama yake alisafiri. Alienda Kakanda kuuzisha samaki. Basi na ninyi mumwambie vile vile."

"Mpaka lini?"

"Miye nitamwambia," Papa Kasongo akasema, akiangalia viatu vyake. "Ni mutoto yangu. Nitamwambia. Siku bado."

"Mutoto mudogo hawezi kubeba kifo," Tantine akaongeza. "Itamuvunja. Hata miye, mama yangu alikufaka niko mudogo, balingoja nakuwa mukubwa njo baliniambia. Na niko hapa."

Tukaenda wote kwa Direkta wa shule. Aliwasikiliza akiwa amesimama kwenye kizingiti cha ofisi, funguo mkononi, maana alikuwa anatoka. Alikuwa mtu mwema, msifikiri vingine. Akasema, "Mzazi ndiye mwenye mtoto. Shule itafuata." Wakashukuru, wakaenda zao.

Nilibaki nikabishana naye. Nilimwambia darasa zima linajua, mama zao walilala kwenye kilio, na watoto wengine walikwenda wenyewe kula bukari, ule ugali wa msiba.

"Basi uwaambie wanyamaze," akasema.

"Direkta, unataka niwafundishe watoto wa miaka tisa kudanganya?"

"Nataka uwafundishe kutunza mzigo wa mwenzao. Odile, baba amekuja kwa miguu yake mwenyewe kutuomba. Utamwambia hapana?"

Asubuhi iliyofuata, Merveille alipofika, nilimtuma ofisini achukue chaki, na nikawaambia watoto yale niliyotumwa kuwaambia. Waliitikia kwa vichwa, wote pamoja, kimya. Nilikuwa sijawahi kuona darasa langu linaelewa somo haraka hivyo.

Wakalitunza neno. Ndilo jambo linaloniuma zaidi nikikumbuka, kwamba walilitunza vizuri mno. Mtoto aliyemnyima kila mtu kalamu yake alimpa Merveille aandike nayo. Kwenye kuruka kamba walimwacha ashinde. Akikaribia kikundi, maneno yanakatika, kisha mmoja anaanza kuongea kwa sauti kubwa juu ya mvua. Wenye vipande vya muhogo walimkatia. Siku moja alikuja mezani kwangu wakati wengine wanaandika, akainamia sikio langu.

"Madame, juu ya nini bote bananipenda sasa?"

Nikamwambia kwa sababu yeye ni rafiki mzuri. Alifikiri kidogo. "Mbele nilikuwaka rafiki muzuri pia," akasema, akarudi kwenye benchi lake.

Katika kitabu cha kusoma kulikuwa na somo juu ya mama anayerudi kutoka sokoni. Nikaliruka. Lilifuata somo la familia. Nikaliruka. Mnajua kitabu cha darasa la nne kina mama wangapi ndani? Niliruka mpaka nikafika kwenye wanyama, na hapo nako kuku anaita vifaranga vyake.

Kisha likaja swali la viatu. Tulikuwa tunafagia darasa baada ya masomo, mimi na yeye na rafiki yake Gloire.

"Madame, kule Kakanda bantu banatembeaka bila viatu?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Kambambili ya mama iko chini ya kitanda. Na viatu yake ya kanisa pia iko. Na beseni ya samaki iko." Alikuwa anafagia huku anasema, haniangalii. "Sasa samaki anaweka mu nini?"

Gloire alisimama na fagio lake, akanitazama kwa macho ya kuomba. Nikasema, "Umuulize papa."

"Papa iko Kambove. Akikuya namuuliza, anasema niulize tantine. Tantine anasema nimalize devoir ya masomo."

Jioni hiyo nilikwenda kwao, ambako Tantine Esther alikuwa amehamia kumtunza, nikamwambia mtoto anakaribia kujua mwenyewe, ni afadhali aambiwe na watu wake. Akanijibu kwa upole kwamba wanasali, na kwamba kaka yake ameahidi. Jumapili jioni nikamvizia Papa Kasongo pale magari ya Kambove yanapoegeshwa. Alikuwa amekonda. "Wiki inakuya, Madame," akasema. "Nilisema nitamwambia, nitamwambia." Gari lilikuwa linaondoka. Tuliongea yeye akiwa na mguu mmoja ndani.

Wiki ile ikapita. Ikapita nyingine. Tukaanza kujifunza shairi la Sikukuu ya Akina Mama, ambalo watoto hulisema mbele ya wazazi mwishoni mwa Mei. Direkta alipendekeza Merveille atumwe mahali siku hiyo. Lakini hakuna mtoto aliyelijua shairi lile kama yeye. Alilisema kwenye mstari wa kuingia darasani, alilisema chooni, tulimsikia. Aliwaambia wenzake mama yake atakuwa amerudi, maana hakuna samaki wa kuuza muda wote huo, hata Tshangalele yote ikaushwe.

Halafu ikawa mapumziko ya siku moja ya kawaida tu, yenye jua. Walikuwa wanaruka kamba. Nilikuwa nimesimama kivulini mwa ukuta, nasahihisha madaftari. Nikasikia sauti ya Gloire, imekasirika, imechoka. Alikuwa amemwachia mwenzake ashinde kwa muda mrefu kuliko mtoto anavyoweza.

"Unashindaka tu juu mama yako alikufaka!"

Kamba ikaanguka chini. Gloire akaziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Merveille alitembea moja kwa moja kuja kwangu, bila kukimbia, na watoto wakampisha njia.

"Madame, Gloire anasema mama alikufaka."

Nilitazama mlango wa ofisi. Umefungwa. Nilitazama barabara, kana kwamba Papa Kasongo angetokea pale na viatu vyake vya shimoni.

"Ni kweli?" akauliza.

Ningeweza kusema tena umuulize papa. Lakini alikuwa ananiangalia na lile pengo lake, mdomo wazi kidogo, na nikajua nikimtuma kwa mtu mwingine tena hatauliza mtu yeyote kitu chochote maisha yake yote.

"Ni kweli, mwanangu. Mama yako alikufa, kule maternité. Hatarudi."

"Siku gani?"

"Wiki ile ulipolala kwa tantine, Panda."

Akafikiri. Nilimwona anarudi nyuma kichwani, siku kwa siku.

"Gloire alijua?"

"Alijua."

"Na bote?" Alionyesha uwanja.

"Wote."

"Na weye?"

"Na mimi."

"Toka ile siku?"

"Toka siku ile."

Nilinyosha mikono nimkumbatie. Alirudi nyuma, upesi, kama mtu aliyegusa mbabula yenye makaa. Kisha akageuka, akaingia darasani, akakaa kwenye benchi lake, akafunga begi lake na kuliweka magotini. Hakulia. Nilikaa karibu naye mpaka kengele ya mwisho, hakulia. Gloire ndiye aliyelia, mpaka akatapika, na hakuna aliyejua amtulize nani kwanza.

Wanangu, nilimwambia ukweli, na sijutii kumwambia. Ila nilijifunza siku ile kwamba kifo cha mama yake kilikuwa jambo moja, na sisi tulikuwa jambo la pili. La kwanza lilitoka kwa Mungu. La pili tulilitengeneza wenyewe, kwa huruma, kila mtu akileta kipande chake. Mtoto aligundua kwamba amekuwa akiishi katikati ya watu wanaojua, na kwamba mapenzi yote yale, kalamu na muhogo na kamba, yalikuwa na kitu nyuma yake.

Papa Kasongo akaja kesho yake. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Madame, ulinikamatia neno yangu."

"Papa, aliniuliza uso kwa uso."

"Najua. Gloire, batoto, najua. Lakini ile neno ilikuwa yangu." Alikuwa anapigapiga kifua polepole. "Kila siku mu shimo nilikuwa naisema. Niko peke yangu kule chini, nasema: Merveille, mama yako… Nafika pale, sauti inaisha. Naanza tena. Nilikuwa karibu, Madame. Ilikuwa inabakia kidogo tu."

Direkta akatoka ofisini, akaanza kusema juu ya wajibu wa shule. Tulikuwa kwenye korido, watoto wanapita kati yetu wakienda kunywa maji. Papa Kasongo alimsikiliza mpaka mwisho, akasema aksanti, akamchukua binti yake darasani, wakaenda. Na hapo tu, mgongo wake ukiwa umeshafika langoni, nikaona jambo ambalo Maître Numbi angeliona siku ya kwanza. Mtu yule alikuja kwetu mara mbili na kifo mikononi, na mara zote mbili tulimpokea amesimama. Tulibishana mtoto ni wa nani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: Papa, siku utakayomwambia, nani atakaa karibu yako? Unataka tulitafute neno pamoja? Alikuwa analitafuta peke yake shimoni, na sisi tuna kazi ya maneno, tunalipwa kwa maneno.

Merveille hakurudi. Siku ya shairi watoto walijipanga, na katika mstari wa mbele, pale alipozoea kusimama, wakaacha nafasi. Sikuwaambia. Wazazi walidhani wamekosea kujipanga.

Likizo ilipoanza nilikwenda Kambove. Niliwapata, walikuwa wamehamia huko kwenye chumba cha nyuma kwa ndugu. Papa alinipokea vizuri. Merveille akaniletea maji, akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili, macho chini, kama anavyopewa mgeni asiyejulikana. Nikamuuliza kama anasoma. Papa alijibu kwamba mwaka ujao, Mungu akipenda. Nikamuuliza yeye mwenyewe kama ana swali la kuniuliza. Akasema, "Hapana, Madame," kwa adabu sana, akaenda kumenya mihogo. Mtoto yule aliyeniuliza juu ya kila kitu hakuniuliza hata habari za Gloire.

Baadaye, kwa mwingine, tulifanya vizuri zaidi. Kwenye darasa langu la mwisho kuna mtoto alifiwa na baba aliyeangukiwa na udongo shimoni. Mama alikuja na ombi lile lile: tuseme alisafiri. Safari hii nilifunga mlango, nikamkalisha, nikamwacha alie kwanza. Kisha tukachagua maneno. Shikeni haya, yatawafaa. Usiseme alilala, mtoto ataogopa kulala. Usiseme Mungu alimpenda zaidi; niliwahi kuona mtoto akigoma kuimba kanisani mwaka mzima, amemkasirikia Mungu mwizi. Usiseme alisafiri, atamngoja. Sema alikufa. Sema mwili wake haufanyi kazi tena, hasikii baridi, hasikii maumivu, na hatarudi. Kisha nyamaza, umwache aulize, hata akiuliza nani atampikia. Na wenzake darasani waambiwe baada yake, mbele yake, kamwe wasiambiwe kabla. Yule mama alisema mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi nilishika begi la mtoto tu. Mtoto alilia vizuri, kama watoto wanavyopaswa kulia, na jioni akataka mpira.

Nilirudi nyumbani nikifikiri kwamba haya yote yangewezekana. Hayakuhitaji vitabu wala fedha za mtu. Yalihitaji mlango wa kufunga na benchi. Merveille hakuyapata, na hakuna mtoto mwingine anayeweza kuyapokea kwa niaba yake.

Kiangazi kilichopita, nimeketi nyuma ya nyumba nachambua maharagwe, mwanamke kijana akabisha langoni. Alikuwa na mtoto wa kike wa kama miaka mitano, amemshika mkono. Sikumtambua mpaka alipotabasamu kidogo kwa adabu. Pengo lilikuwa limejaa zamani.

"Madame, ni miye Merveille."

Nikamwingiza ndani. Mtoto, anaitwa Debora, nikamwacha uani na bakuli la maharagwe ayapange. Merveille akakaa ukingoni mwa kiti. Nikaanza yale niliyokuwa nimeyaweka miaka yote.

"Merveille, siku ile shuleni…"

Akainua kiganja. "Madame, sikukuya juu ya ile."

Akanieleza. Mume wake alikuwa mchimbaji, Kakanda. Shimo lilianguka. Walimtoa, wakamzika huko huko.

"Na mtoto?"

"Namwambiaka papa alisafiri." Alisema bila kunikwepa macho. "Najua. Weye usiniambie kitu, najua. Kila asubuhi nasema leo. Nafungua kinywa, hakuna kitu. Kwetu hakuna mutu alinionyesha vile banasemaka. Papa yangu alikufa, na ile neno hakuisema hata siku moja. Tulikuwa tunaishi nayo mu nyumba kama kintu cha mugeni." Alishika kingo za kiti. "Banasema weye unajua kuisema. Unifundishe."

Nilitaka kulia, nikaona si zamu yangu. Nikasogeza kiti changu, magoti yetu yakagusana. Nikampa maneno yale yale niliyowapa ninyi. Nikamwambia asitafute mazuri zaidi, hayapo. Nikamwambia aseme kwanza hapa, kwangu, mara moja, ili kinywa kizoee njia. "Sema tu: Papa yako alikufa. Harudi."

Akavuta pumzi. Midomo ikafunguka, ikafungika. Nje tulisikia maharagwe yakianguka bakulini. Akavuta pumzi tena, akaniangalia usoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya zamani.

"Mama yangu alikufa," akasema.

Akasikia alichosema. Akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, na yule ambaye hakulia kwenye uwanja wetu alilia hapo kitini kwangu kwa sauti, muda mrefu, mwanamke mzima. Nilimshika. Safari hii hakurudi nyuma.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kitenge, akasimama. Nikauliza kama anataka nitoke naye. Akatikisa kichwa kukataa, akatoka peke yake. Niliona kupitia mlango akichuchumaa mbele ya mwanawe, akimtoa maharagwe mikononi, moja moja. Nikageuza uso wangu ukutani. Neno lile lilikuwa lake.